Nepi Iliyoachwa Bila Kufuliwa

Mtaa mzima walimwita Mama Povu, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Alikuwa dobi tangu usichana wake. Ukimpelekea shati lenye doa hakuuliza limetoka wapi. Alinusa, akakwaruza kwa ukucha, akajua: hili la wino, hili la kutu, na hili ni rangi ya mdomo, bwana, usinidanganye ni mchuzi. Jambo moja tu lilimshinda maishani, nalo ni kuona kitu kichafu kimekaa. Wateja walitania kwamba ukisimama kwake muda mrefu, atakuvua hiyo hiyo uliyoivaa.

Basi mkamwana wake alipojifungua mtoto wa kiume, Mama Povu alihamia kwao na beseni lake. Akawa anamwita mjukuu wake "mume wangu", kama mabibi wanavyotania, na nepi za mume wake hazikukaa chafu hata dakika mbili. Mama mtu alikuwa bado hana nguvu, akashukuru.

Siku ya nne, asubuhi, mtoto akaanza kutapika. Mkamwana akasema leo hanyonyi, na hiki anachotoa hakifanani na maziwa. Mama Povu akamtoa wasiwasi: anacheua tu, hata baba yake alikuwa anacheua mpaka yanaruka ukutani. Akakikunja kitambaa kilichotapikiwa, akaenda nacho uani.

Huko uani, kwenye mwanga, alikiona vizuri. Doa la maziwa linatoka kwa maji baridi, halisumbui mtu. Hili lilikuwa kijani, kijani cha majani yaliyopondwa, na liling'ang'ania. Akasugua, akaloweka, akatia dawa ya kung'arishia, akaanika juani. Likaja la pili, likaja la tatu. Yote akayatoa, na roho yake ikafurahi kama kawaida. Akili ilikuwa kwenye beseni. Hakujiuliza mtoto wa siku nne, ambaye hajaonja kitu ila ziwa la mama yake, kijani kile amekipata wapi.

Kufika saa tano tumbo la mtoto limekaza kama mpira, na kilio kinakatika katikati. Mkamwana akajitanda nguo akasema anakwenda zahanati, anayetaka kubaki abaki. Mama Povu akasema twende, ila kwanza mtoto abadilishwe kila kitu, hatuendi mbele za watu na uchafu. Wakatoka, mtoto ananukia sabuni, shuka lake jeupe linaumiza macho.

Muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alimpima joto, akamminya tumbo taratibu, akauliza anatapika rangi gani. Mkamwana akasema hana hakika, chumba chao kina giza, na vitambaa vyote mama mkwe amevichukua. Viko wapi? Viko kwenye kamba, vinameta.

Muuguzi akaona huenda ni kucheua tu, akashika kalamu, akaanza kumwelekeza mkamwana namna ya kumcheulisha mtoto kila akinyonya.

Mama Povu alikaa kimya kwenye benchi. Akinyamaza hivyo hivyo, wanarudi nyumbani na hakuna atakayejua. Akisema, mkamwana atajua kwamba mkwe wake aliliona doa tangu asubuhi, akalifua. Akamtazama mume wake. Yule mtoto hata kulia alikuwa ameacha.

"Ni kijani," akasema.

"Kijani au manjano, mama? Watu wanachanganya."

"Sista, mimi ni dobi. Manjano naijua. Ilikuwa kijani kibichi, mara tatu. Nimefua kwa mikono yangu hii."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Hakumgombeza. Alisema kijani kwa mtoto mchanga ni nyongo, huenda utumbo umejisokota na njia imeziba, na hapo hata saa moja ni nyingi. Akapiga simu hospitali kubwa, gari likaja.

Njia nzima mkamwana alimpa kisogo. Mama Povu aliona afadhali angetukanwa.

Mtoto akapasuliwa alasiri ile ile. Daktari akatoka akasema kweli utumbo ulijisokota, wameusokotoa, bado uko hai. Ingefika jioni wangekata kipande kikubwa, kama si kumkosa kabisa. Sasa kilichobaki ni kusubiri mtoto apate choo, wajue njia imefunguka.

Wakasubiri siku nne. Ya tano, mkamwana alifunua shuka, akaita, "Mama, njoo uone."

Mama Povu akaja mbio, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda moja kwa moja kwenye nepi. Ukasimama hewani.

"Sista ameona?"

"Bado."

Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye meza ndogo, akakaa pembeni yake, mikono ameifungia kwapani kama mtu anayesikia baridi. Mfagiaji wa wodi alipita akataka kuiondoa, akafukuzwa kwa macho tu.

Mkamwana akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya gari. "Lakini mama, inanuka."

"Inuke," Mama Povu akasema. "Mpaka daktari aje."