Babu wa Bombo

Karani wa skolashipu pale Kampala alikuwa mtu wa kukoroga chai siku nzima, na sukari yenyewe enzi zile za wanajeshi haionekani. Nafasi ziligawanywa kimkoa, basi kwa sauti yake ndogo alimuuliza kila mtu, "Babu amezikwa wapi?" Huko ndiko kwenu.

"Bombo," akajibu Jalia, aliyekuja na binti yake Rukiah.

"Aa, Mama Rukiah! Huko wenye maksi wamejaa. Sema Arua, kule waombaji wachache, apite leo leo."

"Nimfukue mzee wangu? Mtoto atashindana hapo hapo!"

Kijiko kikasimama. Karani akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Siku ya majibu, Jalia alimsikia karani kabla ya kumwona, sauti imejaa korido, askari wanageuka: "Amepita! Mama Rukiah, mzee alale tu Bombo!"