Aksanti Iko Bukama

Mwezi uliopita, kwenye gare ya treni ya Kamina, nilikaa benchi moja na mke kijana wa askari, binti aliyekulia mbali, jimbo la Équateur. Alikuwa anajifunza Kiluba kabla treni haijafika. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kutoka Bukama, na hakujua lugha nyingine.

Aliyemfundisha, hapo hapo benchini, ni jirani yake, mjane wa mtu wa reli.

"Kila neno, uishushe ku gare yake," alimwambia. "Maji, uache hapa Kamina. Aksanti, uache kule Bukama, ya mwisho. Ukiitafuta, panda treni mu kichwa."

Binti akafumba macho. Kidole kikatembea juu ya paja, kikisimama kila gare. Maneno yalikuja yote, ila kwa kufuata njia tu.

"Na aksanti?" mjane akamuuliza.

"Ngojea, mama. Minyi niko bado mu njia."

Treni ikaingia. Mama mkwe akashuka, akamnyooshea fungu la samaki wakavu. Binti akapiga magoti, akafumba macho, kidole kikaondoka Kamina. Yule mama akabaki na samaki mikononi. Hatimaye kidole kikafika Bukama.

"Wafwako, mama!"

Mama mkwe, machozi yakimlengalenga, akamwambia mjane kwa Kiluba kwamba mwanawe ameoa vizuri: mke anayesali kabla ya kupokea.

Mjane hakumsahihisha. Wala mimi.

Siku hizi, mtu akinisalimia barabarani nami nimesahau jina lake, nafumba macho. Juzi dereva mmoja wa pikipiki alivua kofia, akaniitikia, "Amina."