Magadi katika Chungu cha Batuli

Batuli binti Juma wa Kondoa alijua kupika, na mtu asiniletee habari za wapishi wengine hapa. Reli ya Mdachi ilipofika Dodoma, mumewe Hassani alipata kazi ya kupakua magunia stesheni, naye Batuli akamfuata. Walijenga kibanda nyuma ya soko, na haikupita miezi miwili, mtaa mzima ukaujua mlenda wake. Ulikuwa laini, wa kijani, unavutika mpaka mlaji anacheka. Kilichoulainisha vile ni magadi, yale meupe aliyoyazoa kwa mikono yake kwenye mbuga ya Bahi maji yakikauka, akayachuja na kuyaanika. Kwa Warangi na Wagogo, mlenda usio na magadi ni majani ya mbuzi.

Hassani alikuwa pande la mtu. Basi fikiria mtu wa namna hiyo anaanza kulalamika kichwa kila asubuhi, mara damu ya pua, mara anaona vimulimuli. Batuli alikuwa ameshazika watoto watatu, na binti yake wa pekee, Mwanne, ameolewa huko Kondoa. Nyumbani alibaki na Hassani tu. Akamshika mkono, akampeleka kwa daktari wa Kidachi.

Daktari huyo, sijui niseme mganga au mpelelezi, alikuwa akipima watu damu. Siku hizi tunasema presha na kila nyumba ina mtu wake. Wakati ule haikuwa na jina. Yeye alitaka kujua kwa nini damu ya watu wengine husukuma kwa nguvu kupita kiasi, na ni nini cha kuituliza. Wachungaji ng'ombe wa Kigogo alishawapima wengi, akakuta damu yao shwari.

Alimfunga Hassani mpira mkononi, akaujaza upepo. Zebaki ikapanda kwenye kijiti cha kioo. Ikapanda, ikapanda! Daktari akafungua, akafunga mkono wa pili, ikapanda vilevile. Mzungu mzima akaduwaa, kalamu imemganda mkononi.

"Bibi, nisikilize," akasema kwa Kiswahili chake cha pwani. "Kuanzia leo chumvi marufuku. Hata chembe. Mshipa mmoja ukipasuka kichwani, huna mume."

 Batuli alipofika nyumbani alimwaga chumvi yote jalalani, akakiosha kibuyu chake mara tatu kama cha sumu.

Jioni Hassani alionja tonge moja, akasukuma bakuli. "Mama Mwanne, hiki chakula au dawa?"

Siku tatu Hassani hali kitu. Batuli akachanganyikiwa: chumvi itamwua, njaa nayo itamwua. Jirani yake Mwamvua ndiye aliyemtoa kwenye tabu hiyo. "Shoga, unahangaika nini? Zidisha magadi, mlenda utakolea."

Akazidisha. Zamani alitia kidogo tu kwa ncha za vidole. Sasa ikawa nusu konzi, kisha konzi nzima. Hassani akarudi kula, akalamba na vidole. Batuli akashukuru Mungu, akalala usingizi wa raha.

Lakini kila Jumatatu walipokwenda kupimwa, zebaki ilipanda zaidi ya Jumatatu iliyopita. Wiki ya sita daktari alitupa daftari mezani. "Wewe ni mwongo! Unampa chumvi kwa siri."

"Mimi? Wallahi, Bwana Daktari, Mungu ananiona!" Machozi yalimtoka kwa hasira. "Njoo kwangu kesho uone napika nini. Njoo na macho yako yote!"

Akaja kweli, adhuhuri, akakalia kigoda na daftari lake. Batuli alikuwa ameshapeleka chakula cha Hassani stesheni, kwa hiyo akabandika chungu kingine, mzungu ashuhudie. Maji, majani, karanga za kutwanga. Akaingiza mkono kibuyuni, akatia konzi ya magadi.

"Ngoja! Nini hicho cheupe?"

"Magadi, Bwana."

Daktari akachovya kidole, akaonja. "Unatia kila siku?"

"Kila siku. Tangu ulipokataza chumvi nimezidisha, maana alikuwa hali."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza chumvi. Haya si chumvi, haya ni magadi."

Daktari uso ulimwiva. Kisha akasema polepole, bila kufoka, kwamba kwenye mishipa ya mtu mgonjwa magadi yale yanafanya kazi ileile ya chumvi.

Loo! Batuli alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mzazi wake. Mwiko ukamponyoka. Akatoka mbio, kichwa wazi, hana viatu, mpaka stesheni.

Alikuta watu wameuzunguka mrundo wa magunia. Hassani alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, jicho moja linamtazama mkewe na lingine halimtazami mtu. Kando yake bakuli lilikuwa tupu, limepanguswa safi.

"Mimi," Batuli akasema. "Ni mimi, jamani. Ni mimi." Watu wakadhani anawaambia kwamba yeye ndiye mkewe, wakampisha.

Daktari alifika nyuma yake, akamwambia bakuli moja haliui, ni mambo ya siku nyingi. Alitaka kumfariji, maskini. Hizo siku nyingi nazo alizipika nani?

Hassani alifariki Ijumaa. Wanawake walijaa uani kuwapikia waombolezaji, na Batuli, amekaa mkekani, akamwona Mwamvua akitia konzi ya magadi kwenye chungu kikubwa. Akanyanyuka, akakipiga teke, mlenda ukamwagika wote jivuni.

"Msipike hicho! Kinaua!"

Wakamkamata mikono, wakamrudisha mkekani, wakamlaza na kumpepea. "Mwacheni, ni uchungu," wakaambiana. Mwamvua akafuta machozi, akaazima chungu kingine, akachota magadi.