Shikamoo Isiyokuwa Yangu

Kwa msimamizi wa ukurasa huu na wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kwa heshima na taadhima. Niwieni radhi kwa kuchelewa. Barua hii niliianza marehemu mke wangu akiwa hai, naye alinihimiza kila wiki niimalize. Leo ana miaka mitatu kaburini. Naomba jina langu lifichwe.

Mimi ni mgane wa miaka sabini na minne, mkazi wa Likoni. Nilizaliwa pacha. Mama alifariki siku hiyo hiyo, na baba alikuwa baharia aliyekuja nyumbani kwa nadra, hivyo tulilelewa Mtongwe na nyanya, ambaye macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Tulifanana mno. Ili atutofautishe, alimfunga Kurwa, yaani aliyetangulia kuzaliwa, uzi mweusi wenye ushanga mmoja mkononi. Mimi nilikuwa Doto, mkono mtupu.

Msinicheke kwa kuupa uzi uzito. Mwenye uzi ndiye aliyeamkiwa. Kila asubuhi nilisimama mbele ya mtoto aliyenizidi kwa dakika chache, nikasema, "Shikamoo, kaka," naye akajibu, "Marahaba," kisha akanitolea ulimi. Ukoko wa wali nao ulikuwa wake kwanza.

Tulipokuwa na umri upatao miaka sita, ndugu yangu alishikwa na surua. Nyanya alimvua uzi ili amwogeshe kwa majani ya mwarobaini, akauweka dirishani. Nikauvaa. Nilitaka ukoko wa siku moja tu. Nyanya akanipapasa mkono. "Kurwa wangu, umepona! Kumbe sasa imempata Doto."

Nikaitika, "Labeka, nyanya."

Ndugu yangu alipoinuka alilia, "Mimi ndiye Kurwa!" Nyanya akasikitika, "Maskini, homa imempanda kichwani." Siku ya tatu akanyamaza. Siku ya nne akaniamkia.

Baadaye ilipatikana nafasi moja katika shule ya misheni. Baba akasema, "Mkubwa kwanza." Nikaenda mimi, nikawa karani. Ndugu yangu alibeba magunia bandarini hadi mgongo ukapinda.

Sasa ni mgonjwa wa kitandani huko Mtopanga. Kila Jumapili baada ya ibada navuka kwa feri kwenda kumwona, nami hukuta nimewekewa kiti kikubwa chenye mto. Juzi alishika ukuta akajikongoja kuketi. "Shikamoo, kaka."

"Usijisumbue, ndugu yangu. Lala."

Akacheka. "Wataka nikose adabu uzeeni? Na usinisukume kaburini, mkubwa hutangulia!"

Nikajibu, "Marahaba." Neno hilo limenichosha kuliko miaka yangu. Sijui kama alisahau au alisamehe, sijathubutu kuuliza.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimrudishie ukubwa wake kabla hajafa, au nimwachie amani aliyoizoea? Nachelea kuutua mzigo wangu mgongoni mwake, na mgongo huo umebeba vya kutosha.

Anayewafikishia barua hii ni binti wa ndugu yangu, kwani katika ukoo wetu ndiye ajuaye mambo ya simu. Ataichapa neno kwa neno. Ningeweza kumtafuta mwingine, sikumtafuta.

Mwanangu, ukifika hapa, niwie radhi. Usimwambie baba yako lolote. Ila Jumapili usiniwekee kile kiti. Niwekee kigoda, chini, kando ya kitanda chake.