Redio ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hazungumzi nami. Si ugomvi. Ndiyo mila aliyokulia: mke wa mwana na baba wa mume hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wengi wa siku hizi wameiacha, yeye hajaiacha, nami nimezoea. Akiwa na neno la kuniambia humwambia mama mkwe, na mama mkwe huniambia, hata kama sote tuko uani na nimeshasikia.

Ndivyo malalamiko yake kuhusu redio yalivyonifikia.

Mimi ni fundi mitambo wa redio moja ndogo hapa Tukuyu. Mtambo mkubwa uko hapahapa mjini, mtaa wa Bagamoyo. Mwaka huu tuliongeza mdogo kwenye kilima upande wa Nkunga, kwa ajili ya vijiji vya mabondeni, na yote miwili inarusha kwenye masafa yaleyale. Nyumba ya wakwe zangu iko mgongoni mwa kilima kingine, inakoipata yote miwili, na huko ndiko shida ilikozuka.

"Baba anasema redio inatetemeka kama mtu mwenye homa," mama mkwe aliniambia huku akinimiminia mtindi. "Kwaya inaimba, sauti inazama, inarudi. Anauliza, mmefanya nini?"

Nilijua tulichofanya. Kila mtambo ulikuwa ukijipimia masafa kwa saa yake ya ndani, na saa mbili, hata ziwe nzuri namna gani, haziendi sawasawa kabisa. Tofauti ni ndogo mno, lakini mawimbi yakikutana juu ya migomba ya baba mkwe, yanavurugana. Dawa yake ni kuipa mitambo saa ya nje: kifaa kinachopokea muda wa satelaiti, kimoja kila kituo, kikitoa mpigo usioyumba. Unachomeka waya nyuma ya mtambo, unaingia kwenye mipangilio, unabadilisha "ndani" kuwa "nje". Kwa maneno ni hivyo tu.

Mtambo wa mjini ulikubali mara moja. Kesho yake asubuhi nikapanda Nkunga na fundi mwenzangu, mtu mpole anayeimba tenzi akiwa kazini. Ukungu ulikuwa mzito. Tukafunga antena ndogo juu ya paa, tukasubiri hadi taa ya kifaa ikawa kijani, nikachagua "nje".

Mtambo ukazima. Taa nyekundu. Umeundwa hivyo: ukiikosa saa uliyoambiwa kuifuata, unanyamaza kuliko kurusha ovyo.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Mwanangu! Baba anasema ndaga fijo, asante sana! Redio imepona kabisa!"

Nyuma yake nikamsikia mzee mwenyewe: "Mwambie asiguse tena!"

Sikujua nicheke au nilie. Redio yao ilikuwa safi kwa sababu sasa ilisikia mtambo mmoja tu. Mabondeni hawakuwa wakisikia kitu.

"Mama, huku tumezima," nikasema. "Usikate simu. Iweke karibu na redio."

Mwenzangu akakagua waya. Ulikuwa mzima. Nikarudi kwenye mipangilio, safari hii nikisoma kila mstari, na chini ya neno "nje" nikaliona kosa. Mtambo ulikuwa ukingoja mpigo wa megahezi tano. Kifaa chetu kilitoa kumi. Ule wa mjini ulikuja ukiwa tayari kwenye kumi, kwa hiyo sikuwahi kuugusa mstari huo.

Nikaandika kumi. Taa nyekundu ikapepesa, ikawa kijani. Mwenzangu aliacha kuimba.

Simuni kwaya ilikuwa inaendelea. Nikaibana sikioni, nikingoja sauti izame. Ubeti ukaisha, kiitikio kikaja, ubeti mwingine ukaanza.

"Mama, imebadilika?"

Nikamsikia akiuliza kwa Kinyakyusa, na mzee akijibu kwa ukali.

"Baba anasema haijabadilika hata kidogo. Anauliza utawasha lini."

"Tumeshawasha, mama."

Mwenzangu aliangua kicheko hadi akakaa juu ya boksi la vifaa. Tulikunywa chai ya chupa pale mlangoni, ukungu ukianza kuachia mashamba, na sikukumbuka lini mara ya mwisho chai ilinipendeza vile.

Jumapili nilikwenda kuwasalimu. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba na redio yake, sauti juu. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, mama mkwe alipoingia akijizuia kucheka.

"Baba anauliza," akasema, "kama ile mitambo yenu inaweza pia kumpunguzia maneno mtangazaji wa asubuhi."