Wiki Kumi za Baridi

Dada yangu ni fundi wa sare za shule, na hajui kutulia. Akimaliza pindo moja anainuka, anachungulia dirishani, anarudi, anashona la pili, anainuka tena. Nyumbani tunamwita Kiherehere, na tukimwita hivyo anaitika.

Mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia vitunguu vitano vya maua, vya kupanda si vya kula, na maelekezo: vikae kwenye friji wiki kumi, vidanganyike kwamba msimu wa baridi umepita, kisha vitolewe vichanue ndani. Mama, aliyekuwa hatoki kitandani, dada alipomsomea akavishika akacheka. "Miaka yote hii sijaona kitunguu kinalazwa ili kiamke. Hili nitalisubiri."

Balaa likaanzia hapo. Daktari alikuwa ametuambia sisi wawili, mlangoni, kwamba mama ana miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Yeye tukamficha habari hiyo. Wiki kumi, na nyingine nne za kuchanua! Dada akawa roho juu. Akafungua friji mara nyingi kuliko alivyokanyaga cherehani. Anavitoa, anavipapasa, anavirudisha. Nikamfokea, "Dada, baridi yenyewe unaimaliza wewe!" Akasema nina moyo wa jiwe. Niliumia, maana hofu yake ndiyo yangu.

Wiki ya sita uvumilivu ukamwishia. Akavipanda kwenye kopo, akaliweka dirishani chumbani kwa mama. "Tayari, mama. Vimetimia."

Mama akalitazama kopo, akamtazama yeye, akasema asante.

Majani yalitoka vizuri. Maua yakaja mafupi, yamekwama katikati ya majani, nusu mekundu nusu kijani, kama mtoto aliyenasa kichwa kwenye shati. Na siku hiyo mama alikuwa ameketi, amemaliza chai yake yote, kama mtu ambaye angezisubiri wiki kumi zote. Dada akalia kwa hasira.

"Si nilikwambia, haraka haraka..." nikaanza.

"Mwache," mama akasema. Kisha akamgeukia dada, taratibu. "Mwanangu, ulinisomea mwenyewe wiki kumi. Mimi nimehesabu sita. Daktari aliwaambia nimebakiza ngapi?"

Dada akatafuta kitu cha kushika, asikione.

"Keti," mama akasema, akijisogeza kumpa nafasi kitandani. "Keti uniambie."

Akaketi.