Zamu Isiyopokelewa

Mume wangu Nyangwine alikuwa mbishi, na simwombei radhi kwa mtu yeyote.

Alitoka hapa Machochwe mwaka 1953 akaajiriwa zimamoto katika mji mmoja wa ziwani. Mimi nikabaki kulima mtama, yeye akila moshi. Kila mwezi mji ulimkata kidogo kwenye mshahara, ukaongeza sehemu yake kutoka ushuru wa soko la samaki, fungu likawekwa. Ukitimiza miaka ishirini unalipwa pensheni kila mwezi mpaka kufa. Usipotimiza unapewa kiinua mgongo mara moja, kwaheri.

Mwaka 1972 halmashauri za miji zikavunjwa. Nyangwine alikuwa na miaka kumi na tisa na miezi mitano. Wenzake walipangiwa kazi nyingine, yeye akakataa kutoka. Zimamoto wana sheria yao: mtu haachi zamu mpaka mwingine aje kuipokea, na wote wawili watie sahihi kitabuni. Hakuja mtu. Akakaa miezi saba bila mshahara, akizima moto na kuandika kitabu chake, akila samaki wa kupewa na akina mama wa sokoni. Gari la zimamoto lilipochukuliwa ndipo alipofunga kituo akarudi nyumbani na kitabu, funguo na kikohozi. Akishika jembe dakika tano anakaa chini. Bila pensheni, angelishwa kama mtoto, na hilo asingelivumilia.

Tukaenda wote mjini kwake, ofisi ya pensheni. Karani alikuwa kijana anaitwa Hezekia.

"Shikamoo mzee. Miaka yako haikutimia. Tia sahihi hapa uchukue kiinua mgongo."

"Marahaba. Ile miezi saba umeiweka wapi?"

"Halmashauri ilikuwa imeshakufa, mzee."

"Moto haukuambiwa."

Hezekia akacheka. Mimi nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Nyangwine akairudisha ile karatasi bila sahihi, tukaenda sokoni kwa Regina, muuza samaki ambaye Nyangwine aliliokoa banda lake na moto katika miezi hiyohiyo. Regina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kibweta chake akatoa stakabadhi za ushuru. Alikuwa amelipa kila mwezi, yote saba. Wenzake nao wakaleta za kwao, tukajaza kikapu. Mchana tulikuwa mbele ya Hezekia tena.

"Unasema halmashauri ilikufa," Nyangwine akamwambia. "Huyu aliyekuwa anakusanya ushuru ni nani? Maiti?"

Kijana akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akanyanyuka kwenda kwa mkubwa wake. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Ziache hizi, mzee, tutaandika juu. Na funguo za kituo uziache."

"Funguo anapewa anayepokea zamu. Mimi bado sijapokelewa."

Ilichukua miaka miwili. Ndugu zake walimsema sana: angechukua kiinua mgongo sasa hivi angekuwa na ng'ombe wawili. Akawajibu kwamba ng'ombe hufa. Nami nilikuwa nimechoka, sifichi, nikamwambia, "Baba Waitara, chukua hicho kidogo tule." Akachukua kitabu chake akatoka nje.

Barua ilitukuta tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa. Miezi saba imehesabiwa, pensheni imekubaliwa. Kesho yake akavaa sare yake ya zamani, vifungo vyote, tukapanda basi.

Akaweka kitabu mezani kwa Hezekia, na funguo juu yake.

"Simama wima, kijana. Zamu haipokelewi umekaa."

Hezekia akasimama. Ukurasani Nyangwine alikuwa ameandika: "Miezi saba. Nyumba tisa ziliwaka, hakuna mtu aliyekufa. Nakabidhi." Kijana akasoma, akatia sahihi. Mume wangu akavuta kiti akakaa, hakungoja kukaribishwa.